Mwaka Mmoja wa Sikukuu Katika Nchi ya Korea

Tangu nirudi kutoka Korea ya Kusini watu wengi hapa kwetu Usambara wameniuliza habari za huko. Wengine huuliza habari za viwanda, wengine habari za treni ziendazo mbio kama mshale, na watoto wa shule huuliza kama ni kweli kwamba huko maji ya mto hugeuka kuwa magumu kama jiwe. Hayo yote nimeyajibu kwa kadiri nijuavyo. Lakini neno nililorudi nalo moyoni si la viwanda wala la treni. Ni habari ya sikukuu zao za mahali mahali, jinsi zifuatavyo majira ya mwaka, na jinsi zilivyonifumbua macho nikaona kosa langu mwenyewe. Nimeona vema kuliandika, maana huenda kosa hili si langu peke yangu.

Nalifika huko mwezi wa Februari, mwaka 2023, nikakaa mwaka mzima nikisoma kazi ya ualimu katika mkoa wa Gyeongsang Kaskazini. Nalipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, umri wake miaka 78, katika kijiji cha wakulima. Mimi nalimwita Halmeoni, ndiyo kusema Bibi, naye aliniita Seonsaengnim, ndiyo kusema Mheshimiwa Mwalimu, ingawa kwa umri mimi ni mjukuu wake. Maana huko mwalimu hupewa heshima kubwa. Kikorea changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini Halmeoni alisema polepole, na neno lisilofahamika alilichora kwa kidole juu ya meza. Hivyo tulielewana.

Nchi ile ina majira manne yanayotengana wazi: ya kuchipua, ya joto, ya majani kupukutika, na ya baridi. Tena wana kalenda mbili. Moja ni hii yetu. Ya pili hufuata mwezi mwandamo, nayo ndiyo ionyeshayo sikukuu za zamani, kama vile Dano, siku ya 5 ya mwezi wa tano, na Chuseok, sikukuu ya mavuno, siku ya 15 ya mwezi wa nane, mwezi ukiwa mpevu. Juu ya hizo kila wilaya ina sikukuu yake yenyewe, nayo hutokana na kitu kilicho pale: mahali penye maua husherehekea maua, penye tope husherehekea tope, na penye baridi kali husherehekea baridi. Jambo hili ndilo lililonistaajabisha kwanza.

Sikukuu niliyotangulia kuiona ni ya Jinhae, bandari ya manowari katika pwani ya kusini. Mitaa ya mji ule imepandwa micheri, nayo huchanua mwishoni mwa Machi kabla ya kutoa majani, hata mji mzima huonekana kana kwamba umefunikwa pamba nyeupe yenye wekundu kidogo. Asili ya sikukuu hiyo ni sanamu ya Jemadari Yi Sun-sin, aliyezishinda merikebu za Japani katika vita vya mwaka 1592 hata 1598. Sanamu ilisimamishwa mwaka 1952, watu wakawa wakikutana kila mwaka kumkumbuka, na tangu mwaka 1963 ikawa sikukuu ya mji pamoja na maua yake. Kwa miaka 3 ilikuwa imezuiwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na mwaka ule wa 2023 ndipo ilipofunguliwa tena. Basi watu walifurika, hata njia hazikupitika.

Niliporudi nalimwambia Halmeoni kwamba nimesafiri mbali na kusongamana na watu kwa ajili ya maua yasiyodumu ila siku 10 hivi. Akacheka, akasema, "Seonsaengnim, kama yangedumu mwaka mzima, nani angefunga safari kwenda kuyaona?"

Mwezi wa Aprili wazee wa kijiji walikodi basi kwenda kisiwa cha Jindo, nao wakanichukua. Wasomaji wa pwani wanajua habari ya bamvua, yaani maji kujaa mno na kupwa mno, jua na mwezi vikiivuta bahari kwa pamoja. Huko Jindo bamvua likiwa kubwa hujitokeza ukanda wa nchi kavu katikati ya bahari, kutoka kisiwa hicho hata kisiwa kidogo cha Modo, urefu wake kilomita 2.8 hivi, na upana wake mita 40 hivi. Kwa muda wa saa moja hivi watu huvuka kwa miguu, huku wakiokota chaza na mwani, kisha maji hurudi. Habari zake zilienea mbali tangu mwaka 1975, balozi wa Ufaransa alipoliona jambo hilo akaliandika katika gazeti la kwao.

Wenyeji wana hadithi yake. Wasema kwamba zamani chui wakubwa wenye milia walikishambulia kijiji, watu wakakimbilia Modo, wakamsahau bibi kizee mmoja. Yule bibi akaomba kila siku aonane na jamaa zake, hata bahari ikapasuka, nao wakaja kumchukua. Lakini nguvu zilikuwa zimemwishia, akafa mikononi mwao. Sanamu yake ipo pale ufuoni. Wazee wetu waliizunguka kimya. Halmeoni peke yake alisema, tena kwa sauti ndogo, "Huyu alibahatika. Wa kwake walirudi." Sikumwelewa siku ile.

Mwezi wa Juni ulipofika, nalitaka kwenda Gangneung, katika pwani ya mashariki, kuiona sikukuu ya Dano, ambayo shirika la UNESCO liliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Lakini nalikuwa na wasiwasi, maana nalisikia ya kuwa mna matambiko ndani yake: wenyeji hutoa mchele, hutengenezwa pombe ya kutolea, na waganga wa kike huimba na kucheza mbele ya madhabahu ya mungu wa mlima. Nikamwuliza Halmeoni, ambaye ni Mkristo, na kila Jumapili huenda kanisani na kitabu chake kwapani. Akajibu, "Penye kusujudu waachie wasujuduo. Lakini pembea haina mungu, wala mieleka, wala mkate wa mchele. Nenda ukacheze."

Nikaenda. Kando ya mto Namdaecheon mahema yalikuwa mengi kama ya jeshi. Nikaona wanawake wakipanda pembea ndefu wakiwa wamesimama, mpaka miguu yao ikaelekea mawinguni. Nikaona watu wakiosha nywele kwa maji yaliyochemshwa na majani ya changpo, mmea wa kando ya maji wenye harufu nzuri, maana ndiyo desturi ya Dano. Nikaona wanaume wakishikana mieleka katika mchanga, na mchezo wa vinyago ambao wachezaji wake hawasemi neno hata moja, wala hapana asiyeelewa kisa. Penye matambiko nalisimama mbali. Pembea nalipanda, nikashuka nikiona kizunguzungu.

Mwezi wa Julai joto lilikuwa kali, lenye unyevu, na wanafunzi wenzangu wakanipeleka Boryeong, pwani ya magharibi. Huko sikukuu ni ya tope. Naam, tope! Pwani ile ina tope laini lililotengenezwa dawa za kupaka ngozini, na mwaka 1998 wenyeji walianzisha sikukuu ili kuitangaza bidhaa yao. Sasa watu hutoka nchi nyingi kuja kugaagaa humo. Nalikumbuka jinsi mama alivyotuchapa sisi watoto kwa kurudi nyumbani na matope, na mimi sasa, mwalimu mzima, nimelipa fedha ili nipakwe. Nalicheka kama sikucheka tangu utoto. Usiku ule nalijiuliza, kwa nini kucheka kule kulinitia haya kidogo? Sikupata jibu mara moja.

Hata ikaja Chuseok, mwisho wa Septemba. Siku hizo barabara zote za Korea hujaa magari, maana kila mtu hurudi kwao. Watoto wawili wa Halmeoni wakaja kutoka Seoul, na mjukuu mmoja. Wakala mikate ya mchele iliyokandwa kwa umbo la nusu mwezi, wakaenda kufyeka majani makaburini, wakalala siku 2, wakaondoka. Halmeoni akasimama barabarani mpaka gari halionekani.

Jioni ile alinichukua mpaka shule ya zamani ya kijiji. Shule ilifungwa miaka mingi iliyopita kwa kukosa watoto. Majani yameota uani, na katikati yake ingalipo sanamu ya mtoto wa kike aliyeinamia kitabu. Ndani ya darasa moja nalikuta watu 8, mdogo wao ana miaka 64. Ndicho kikundi cha ngoma cha kijiji. Ngoma hiyo ya wakulima yaitwa nongak, nayo ilipigwa tangu zamani wakati wa kupandikiza mpunga, wa kupalilia, na wa kuvuna. Ina upatu mdogo uongozao, upatu mkubwa uungurumao, ngoma nene iitwayo buk, na ngoma yenye kiuno chembamba iitwayo janggu, ambayo huambwa ngozi pande zote mbili. Mwaka 2014 UNESCO nalo liliiandika. Lakini kikundi kile kilikuwa na janggu moja isiyo na mpigaji, maana mwenyewe alikufa wakati wa baridi iliyopita.

Halmeoni akanifunga ile ngoma begani, akanishika mikono. "Ngozi yake nzima," alisema, "kamba zake nzima. Mikono ndiyo haipo." Kisha akaniuliza, "Kwenu watoto wapo?"

Nikajibu, "Halmeoni, kwetu watoto ni wengi kuliko madawati."

"Basi mna bahati. Na ngoma zenu zapigwaje?"

Wasomaji wapenzi, hapo sikuwa na la kujibu, na sababu yake nitaisema baadaye.

Juma lililofuata nalikwenda Andong kuiona sikukuu ya ngoma za vinyago, inayofanywa kila mwaka wakati wa majani kupukutika, tangu mwaka 1997. Karibu na mji huo kipo kijiji cha Hahoe, kilichozungukwa na mto Nakdong kama mtu aliyekumbatiwa. Vinyago vya kijiji hiki ni vya kale sana, vimechongwa kwa mti, na vingine taya lake limetengwa na kufungwa kwa uzi, hata mchezaji akiinua kichwa kinyago hucheka, na akiinamisha hukasirika. Katika mchezo wao wakulima huwacheka mabwana wakubwa, wasomi wenye kiburi, na watawa wasioshika utawa wao. Na mabwana wenyewe wa kijiji waliuacha uchezwe, kwa kuwa walijua ya kwamba mtu aliyepewa siku ya kusema hupunguza uchungu moyoni.

Kinyago kimoja, kiitwacho Imae, hakina kidevu. Hadithi yasema kwamba mchongaji, kijana wa jina la Heo, alikatazwa asionwe na mtu hata amalize vyote. Msichana aliyempenda akachungulia dirishani, kijana akaanguka akafa, na kinyago cha mwisho kikabaki vile vile.

Lakini lililonichoma ni habari ya kweli, si hadithi. Mchezo ule ulichezwa kijijini kwa mara ya mwisho mwaka 1928, wakati wa utawala wa Wajapani, kisha ukakoma kwa muda wa miaka 40 na zaidi. Katika miaka ya 1970 watu walipotaka kuufufua walikuwa na vinyago, lakini kinyago hakisemi mguu uende wapi. Wakatafuta, wakampata mzee mmoja aliyekuwa kijana mwaka ule wa 1928, aliyecheza sehemu ya bibi arusi. Kwa kumbukumbu lake wakajifunza upya. Mwaka 1980 serikali iliuandika mchezo huo katika urithi wa taifa, na mwaka 2022 ngoma za vinyago za Korea zikaandikwa na UNESCO. Nalisimama katika umati, nikawaza: je, mzee yule angalikufa miaka michache mbele?

Mwezi wa Januari 2024 nalikwenda kaskazini, wilaya ya Hwacheon, karibu na mpaka wa Korea Kaskazini. Ni wilaya ya milima, yenye watu wachache na askari wengi, na baridi yake hushuka chini ya sifuri hata nyuzi 10 na zaidi. Zamani baridi hiyo iliwafungia watu nyumbani. Mwaka 2003 wakaanza sikukuu juu yake: mto ukiganda hutoboa matundu, hutia samaki waliofugwa, na watu hukaa juu ya barafu wakiwavua kwa ndoana. Watu wapatao milioni moja na zaidi huja katika majuma machache. Lakini mwaka 2020 mvua ilinyesha na barafu ikawa nyembamba, ikawabidi kuahirisha. Ndipo walipojua kwamba hata baridi yaweza kukosekana. Mimi nalikaa juu ya tundu langu saa 3 bila kupata kitu. Mtoto mmoja wa Seoul akanihurumia, akanipa samaki wake. Jioni mabasi yakawachukua watoto wote, mto ukabaki na wenyeji wakiokota takataka.

Hapo nikaelewa maneno ya Halmeoni kule Jindo. Hesabu ya serikali ya mwaka 2023 ilionyesha ya kuwa wanawake 100 wa nchi ile, kwa uzazi wa mwaka ule, wangezaa katika maisha yao watoto 72 tu. Na hao wachache nao huvutwa na miji. Wakorea wa vijijini wamelinda ngoma zao, wamezijengea nyumba, wameziandika vitabuni. Wanalolilia ni watoto wa kuzipokea. Kwetu ni kinyume chake. Watoto wamejaa tele, na ngoma zinakufa mbele ya macho yao.

Sasa niseme lile nililolificha. Mwaka 2016, nalipokuwa mwalimu mpya, nalianzisha masomo ya jioni. Wakati wa mavuno ya mahindi watoto 7 waliyaacha masomo wakaenda kwenye ngoma ya mavuno ya kijiji. Kesho yake nikawaadhibu mbele ya shule nzima, nikasema kwamba ngoma ni kazi ya wajinga. Hapana mtu aliyeniamuru. Ni kiburi changu. Mwaka uliofuata hakwenda mtoto hata mmoja. Mwaka wa tatu wazee hawakuipiga. Nami nalifurahi, nikadhani nimeshinda. Ndiyo maana nalinyamaza Halmeoni aliponiuliza, na ndiyo maana kicheko changu cha Boryeong kilinitia haya: nalivuka bahari nikalipie furaha, na ile ya bure ya kwetu nimeizima kwa mkono wangu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Siku ya kuondoka, Halmeoni alinipa vijiti vya ile janggu. Alisema ngoma yenyewe itabaki, maana huenda mtu akaja.

Niliporudi, jambo la kwanza lilikuwa kumwendea mzee aliyekuwa mpigaji mkuu wa kijiji chetu. Nikamwambia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Babu, nimekuja kukuomba radhi, tena nakuomba unifundishe ngoma ya mavuno, mimi na watoto."

Akanitazama kitambo. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo umepita mlangoni pangu asubuhi na jioni. Ikakubidi kwenda mpaka Korea ili uambiwe uje kwangu?" Akacheka, nami sikuweza kucheka.

Ngoma zilikuwa 3; moja imeliwa na mchwa. Mapigo aliyoyakumbuka barabara ni 4, na mzee asema zamani yalikuwa zaidi. Nikawatafuta wale watoto 7 niliowaadhibu. Nimewaona 2 tu, wengine wamekwenda mijini. Mmoja ni kijana wa bodaboda, nalimwomba msamaha barabarani, akasema, "Mwalimu, mimi nalisahau fimbo. Ngoma sikuisahau." Akaimba ubeti mmoja ambao hata mzee alikuwa ameupoteza.

Sasa kila Jumamosi baada ya saa 9 watoto 17 hukutana uani kwa mzee, na masomo ya jioni yanaendelea siku nyingine bila kupungukiwa na kitu. Hatujui bado kupiga vizuri. Mavuno yajayo tutajaribu mbele ya watu, nao watacheka, na wacheke.

Msomaji, kama katika kijiji chako yuko mzee ajuaye pigo, au wimbo wa kupalilia, au mchezo wa mbalamwezi, usingoje. Mwendee jioni hii, uchukue na mtoto. Na hapa nakomea.